Nani Atalisafisha Jina la Aliyenyongwa Mohoro?

Vijana wetu wanaijua vyema hadithi ya shujaa aliyesingiziwa. Wameitazama katika filamu nyingi za Marekani na Korea. Mtu mwenye uwezo unaopita ule wa binadamu wa kawaida anabambikwa kosa asilolitenda. Waliomshangilia jana wanamzomea leo. Anakimbia, anajificha, anakusanya ushahidi, na mwishowe anagundua kuwa aliyemsaliti alikuwa akila naye sahani moja. Baada ya saa mbili jina lake limesafishwa, msaliti ameumbuka, na watazamaji wamerudi majumbani mwao wakiwa wameridhika.

Rufiji inayo hadithi ya namna hiyo, ila yake haijafika mwisho. Shujaa wake alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita iliyohusishwa na jina lake ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Hakupata nafasi ya kukusanya ushahidi, wala hakuwepo wakati jina lake likiandikwa katika majalada ya Wajerumani na baadaye katika vitabu vya shule. Zaidi ya karne moja baadaye, katika nchi hiyohiyo ya mito na mikoko, wapo watu wengine ambao majina yao yananing'inia hewani bila shitaka na bila hukumu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba aliyenyamazishwa hawezi kujisafisha mwenyewe. Kazi hiyo ni ya walio hai, na hasa wale wanaoshika majalada. Yale tunayowadai Wajerumani kuhusu mwaka 1905, tuna wajibu wa kujidai sisi wenyewe kuhusu mwaka 2017.

Tuanze na Kinjikitile Ngwale. Aliishi Ngarambe, karibu na vilima vya Matumbi, kusini mwa Mto Rufiji. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 walisimulia kuwa mwaka 1904 Kinjikitile alipandwa na pepo aitwaye Hongo, akazama katika kidimbwi cha maji, na siku iliyofuata akatoka mle akiwa mkavu, akitabiri. Watu wakaanza kumiminika Ngarambe kwa mamia. Aliwagawia dawa, maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya mbarika, na neno likaenea kwamba mwenye dawa hiyo hadhuriwi na risasi za Mjerumani, kwani zingegeuka maji.

Baada ya kunyongwa, Kinjikitile alishitakiwa mara mbili. Shitaka la kwanza lililetwa na watawala. Katika maelezo yao, vita ilikuwa kazi ya waganga na wachawi waliowalaghai watu wajinga. Gavana Gustav Adolf von Götzen, aliyeitawala koloni wakati huo, aliondoka na kuandika kitabu kizima kuhusu uasi huo, kilichochapwa mwaka 1909. Ni rahisi kuona kwa nini watawala walilipenda shitaka la uchawi. Chanzo cha vita kikiwa ulaghai wa mganga mmoja, hakuna haja ya kuuliza habari za mashamba ya pamba ya lazima yaliyoanzishwa tangu 1902, kodi ya kichwa iliyodaiwa kwa fedha taslimu, viboko, wala maakida waliopewa madaraka juu ya watu ambao hawakuwachagua. Mganga akibeba lawama, pamba inasahaulika. Lakini Wamatumbi wa Nandete walipoamua kutangaza vita mwishoni mwa Julai 1905, walikwenda shambani na kung'oa mipamba. Kitendo hicho kinaeleza sababu ya vita kwa ufasaha kuliko jalada lolote.

Shitaka la pili tumelileta sisi wenyewe. Ni lile tunalolisikia madarasani na vijiweni: Kinjikitile aliwadanganya babu zetu, wakaenda kufa kifua wazi mbele ya bunduki za rashasha. Idadi ya waliokufa inalipa shitaka hili uzito. Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000. Wanahistoria waliofuata wamefikia makadirio ya kati ya 250,000 na 300,000, wengi wao wakiuawa na njaa baada ya majeshi kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Ni nani asiyetaka mtu wa kulaumiwa kwa msiba wa ukubwa huo?

Hata hivyo ushahidi wa wazee haukubaliani na shitaka hilo kirahisi. Walisimulia kuwa Kinjikitile aliwataka watu wasubiri amri yake, na kwamba amri hiyo haikuwa imetoka pale mipamba ilipong'olewa. Alikuwa akijenga umoja kati ya watu wa makabila na koo ambazo hazikuwa na mtawala mmoja, na dawa ilikuwa kiapo cha umoja huo. Ebrahim Hussein aliliona tatizo hili la jina na neno mwaka 1969 alipochapisha tamthilia yake Kinjeketile. Mhusika wake mkuu anaukataa ushauri wa kutamka kwamba maji yalikuwa uongo, kwa kuhofia kwamba kauli hiyo ingeishi kuliko yeye na kuua ari ya vizazi vijavyo. Wazee nao wanasimulia kuwa, alipokuwa akipelekwa kunyongwa, Kinjikitile aliwaambia Wajerumani kuwa wamechelewa, dawa yake imekwishafika Kilosa na Mahenge.

Sisemi kwamba hana la kujibu. Mtu aliyeahidi kuwa risasi zitageuka maji ana swali la kujibu mbele ya yatima. Ninachosema ni kwamba alinyimwa nafasi ya kulijibu. Aliyemkamata ndiye aliyemshitaki, ndiye aliyemhukumu na ndiye aliyeshika kamba. Palipokosekana kesi, tumerithi fununu, na juu ya fununu hiyo tumejenga mara sanamu ya shujaa, mara kinyago cha tapeli.

Neno fununu lina historia yake katika nchi ile. Habari za Ngarambe zilisambazwa kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, yaani mnong'ono wa siri kutoka mtu mmoja hadi mwingine. Kwa watu wasio na gazeti, baraza wala mahakama ya kuwasikiliza, mnong'ono ulikuwa chombo cha siasa. Ulivuka mito na vilima bila akida kujua. Lakini kila mnong'ono una sura mbili. Njia iliyowaunganisha watu wa 1905 kwa siri ndiyo njia inayoweza kumpeleka jirani kaburini bila yeye kujua ameshitakiwa nini. Sura hiyo ya pili ilijitokeza Kibiti miaka 112 baadaye.

Msomaji atakumbuka. Kati ya mwaka 2016 na 2017, katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji, viongozi wa chama tawala na askari polisi waliuawa mmoja baada ya mwingine, wengi kwa kupigwa risasi usiku, wengine mbele ya familia zao. Tarehe 13 Aprili 2017 askari wanane waliuawa kwa kuviziwa wilayani Kibiti. Kufikia katikati ya mwaka huo idadi ya waliouawa ilikuwa imepita 30. Mwezi Mei nchi ikapata Mkuu mpya wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro. Ukaundwa mkoa maalumu wa kipolisi, pikipiki zikapigwa marufuku nyakati za usiku, na zawadi ya fedha ikatangazwa kwa watakaotoa taarifa. Mwezi Agosti polisi walitangaza kuwa watu 13 waliowataja kuwa wahalifu wameuawa katika mapambano ya risasi. Mauaji ya viongozi yakapungua, kisha yakakoma.

Wengi tulishusha pumzi, na tulikuwa na haki ya kufanya hivyo. Lakini tutazame jinsi mnong'ono ulivyofanya kazi kwa pande zote mbili. Mwenyekiti wa kijiji huko Bungu au Jaribu hakuwa mtu wa siasa za kitaifa. Alikuwa mkulima anayegonga mihuri ya barua za wanakijiji wenzake, anayeamua kesi za mipaka ya mashamba, na anayeongozana na mgeni wa serikali akija kijijini. Ilienea kwamba watu wa aina hiyo waliuawa kwa kutuhumiwa kuwa wanapeleka majina polisi. Nani alimwambia muuaji? Alisema kwa ushahidi gani, au kwa ugomvi gani wa shamba, mkaa au fitina ya ndoa? Marehemu hakuulizwa. Upande wa pili, familia kadhaa zimeeleza kuwa ndugu zao walichukuliwa na watu waliowadhania kuwa wa vyombo vya dola, na hawakuonekana tena mahakamani, gerezani wala nyumbani. Nao inaelekea walitajwa na mtu. Nani aliwataja, na kwa ushahidi gani?

Waswahili husema kikulacho ki nguoni mwako. Katika miezi ile methali hii iligeuka kuwa utaratibu wa maisha. Mtu alimtilia shaka shemeji yake, mwuza samaki alimtilia shaka nahodha wa mashua aliyemvusha kila siku kutoka Nyamisati, na salamu zikawa fupi. Methali nyingine ikafanya kazi mbaya zaidi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali yenye hekima ya kumwonya anayepuuza dalili. Ikitumiwa kama kanuni ya ushahidi, inamfanya kila anayesemwa kuwa na hatia. Nimewasikia watu wenye elimu kubwa wakisema juu ya aliyetoweka: “Haiwezekani akachukuliwa bure, lazima kuna kitu alifanya.” Kauli hiyo ni hukumu iliyotolewa na hakimu asiyejua hata jina la shitaka.

Hapa ndipo linapoingia jina la Azory Gwanda. Alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia gazeti la Mwananchi kutoka Kibiti, na mauaji yale yalikuwa miongoni mwa habari alizoripoti. Tarehe 21 Novemba 2017 alitoweka. Mkewe alieleza hadharani kuwa siku hiyo Azory alifika shambani alikokuwa yeye akiwa ndani ya gari jeupe pamoja na watu asiowajua, akauliza ulipo ufunguo wa nyumba, akasema ana safari ya dharura. Hakurudi. Julai 2019, Profesa Palamagamba Kabudi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, alihojiwa na BBC na kutamka maneno yaliyoeleweka kuwa Azory alitoweka na kufa. Baadaye ikafafanuliwa kuwa maneno yale hayakuwa uthibitisho wa kifo. Kwa familia, ufafanuzi huo una maana ya kuendelea kusubiri mtu ambaye waziri alimzungumzia kama marehemu.

Azory hakuwahi kutangaziwa shitaka lolote. Kwa sababu hiyo hana shitaka la kulikana. Mtu aliyeshitakiwa kwa wizi anaweza kuachiwa huru na mahakama, akarudi kijijini na karatasi mkononi. Aliyetoweka hana karatasi. Watoto wake wanakua wakisikia minong'ono ya kila aina juu ya baba yao, na hawana mahali pa kwenda kuipinga. Katika hili Azory, mwenyekiti wa kitongoji aliyeuawa kwa kuitwa msaliti, na kijana aliyechukuliwa kwa kuitwa muuaji, wote wako katika hali moja na Kinjikitile, kwa kuwa wametuhumiwa mahali ambapo wao wenyewe hawakuruhusiwa kufika.

Nazijua hoja za wenye maoni tofauti, na nyingine ni nzito. Wanasema Kibiti palikuwa na vita, na vita haina muda wa mahakama. Wanasema askari wanane waliolala chini siku moja nao walikuwa na wake, watoto na mama zao. Wanasema mashahidi waliogopa, kwani aliyeonekana akizungumza na polisi mchana aliuawa usiku. Wanasema operesheni ilileta amani, na sasa watu wanalima mpunga wao na kuvua kamba wao bila hofu, basi kwa nini kufukua makaburi?

Hoja ya askari ndiyo inayonigusa zaidi, na kwangu inaelekeza upande wa pili. Familia za askari wale na za viongozi wa vijiji hazijapata simulizi kamili, lililothibitishwa hadharani, la nani aliwaua wapendwa wao, kwa amri ya nani, kwa fedha za nani na kwa lengo gani. Wafu hawatoi ushahidi. Mtuhumiwa anayefia msituni huondoka na majina ya waliomtuma, na kama alitumwa na mtu anayekula sahani moja nasi, mtu huyo bado anakula. Mahakama ndiyo ingemlazimisha aseme. Kwa hiyo kesi ya wazi ni haki ya mjane wa askari kama ilivyo haki ya mama wa aliyetoweka. Wanaowasimamisha wanawake hao wawili kama maadui wanawakosea wote.

Ama kuhusu vita kukosa muda wa mahakama, Katiba yetu haikuandikwa kwa ajili ya siku za utulivu peke yake. Ibara ya 13(6) inataka kila mtu apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na inakataza mtuhumiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Maneno hayo yaliwekwa kwa sababu waliotutangulia walijua historia ya kamba ya Mohoro na nyingine kama hiyo. Na kuhusu kufukua makaburi, shida ya baadhi ya familia za Kibiti ni kwamba hazina kaburi la kufukua.

Tazama tulivyofanya tulipokuwa wadai. Tarehe 1 Novemba 2023, Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea na kuomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatenda wazee wetu wakati wa vita ya Majimaji. Alizungumza na kizazi cha Nduna Songea Mbano, ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikiuliza fuvu la mzee wao liko wapi. Hatukuwaambia wajukuu wale kwamba mambo ni ya zamani. Hatukuwaambia kwamba vita ni vita. Tulisema, kwa kauli ya taifa zima, kwamba familia ina haki ya kujua mpendwa wake alikufaje na mabaki yake yako wapi, hata ikipita miaka 118. Tulikuwa sahihi. Swali ni kama haki hiyo inamhusu pia mama wa Kibiti, ambaye anayepaswa kumjibu yuko Dodoma na anaongea naye lugha moja.

Jibu langu ni ndiyo, na halihitaji miujiza. Tunayo sheria ya uchunguzi wa vifo, Sura ya 24, inayompa hakimu mamlaka ya kuchunguza vifo vya ghafla na vya kikatili. Itumike kwa kila aliyeuawa katika wilaya zile tatu, awe askari, mwenyekiti au mtuhumiwa. Serikali ifungue daftari moja la waliotoweka, mahali ambapo ndugu atatoa maelezo bila kuulizwa kwanza yeye yuko upande gani, na kila jina lipewe mojawapo ya majibu matatu: yuko hai na yuko mahali fulani, amefariki na amezikwa mahali fulani, au uchunguzi unaendelea chini ya afisa fulani. Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipita nchini ikisikiliza malalamiko juu ya ukamataji na upelelezi. Taifa lililoweza kuunda tume ya ukubwa ule linaweza kuunda jopo dogo la kusikiliza wilaya tatu.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: kumbukumbu mnazozitunza leo ndizo zitakazosomwa miaka 100 ijayo. Majalada ya Mohoro yaliandikwa na makarani waliodhani hakuna atakayeyahoji. Andikeni tarehe, andikeni jina la aliyekamata, andikeni alikopelekwa mtu. Kwa wanaharakati: msilitaje jina la Azory siku za maadhimisho ya uhuru wa habari tu, na mkiwataja waliotoweka, watajeni na wenyeviti waliouawa, ili pasiwepo anayedhani kuwa haki ya binadamu ina chama. Kwa wanafunzi: Gwassa alitembea Umatumbi na daftari wakati wazee walioiona Majimaji wangali hai, na bila kazi yake tungebaki na maneno ya Götzen peke yake. Walioiona Kibiti ya 2017 wako hai. Nendeni mkawasikilize kwa adabu, kwa ridhaa yao, na mfiche majina yao pale yanapoweza kuwaletea madhara.

Katika filamu, shujaa hujisafisha mwenyewe, na raha ya mtazamaji iko hapo. Kinjikitile hakuweza, maana kamba ilimwahi. Kama mwaka huu mwalimu wa historia huko Utete atawaambia wanafunzi wake kwamba mtu wa Ngarambe alishitakiwa bila kusikilizwa, na kuwapa ushahidi wa pande zote waupime wenyewe, basi kesi yake itakuwa imeanza kusikilizwa. Kesi za Kibiti zinaweza kuanza mapema zaidi. Mashahidi wapo, sheria ipo, na waliotoa amri za wakati ule wengi wao bado wanaweza kuitwa na kuulizwa.